Stenti iko wazi, mbona kifua bado kinabana?

Mgonjwa anarudi miezi minane baada ya kuwekewa stenti yenye dawa, yaani kimrija cha wavu wa chuma kinachoushikilia mshipa wa moyo ubaki wazi. Kifua kinambana alfajiri, hata kabla hajatoka kitandani, lakini mchana anapanda ngazi bila taabu. "Daktari, imeziba tena?" Tunamrudisha kwenye chumba cha katheta (mrija mwembamba unaopitishwa mshipani hadi moyoni), tunapiga picha za mishipa, na stenti ni safi kabisa. Hapo ndipo wengi wetu hujikwaa: mgonjwa huambiwa ana gesi au wasiwasi, akaenda zake na maumivu yake. Kwangu mimi, picha ile imejibu swali moja tu, kwamba njia haijaziba. Haijasema kama mshipa umetulia.

Mshipa wa moyo si bomba. Ukuta wake una misuli laini inayokaza na kulegea, na ndani umetandikwa utando wa seli wenye unene wa seli moja tu. Utando huo hutoa oksidi ya nitriki, gesi inayoiambia misuli ilegee. Ugunduzi huo uliwapa Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Sasa tuje kwenye stenti. Zile za chuma kitupu, zilizoanza kuwekwa kwa binadamu mwaka 1986, zilisumbuliwa na kovu: seli za misuli zilizaliana hadi njia ikawa nyembamba tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja zilizopakwa dawa, sirolimasi kwanza na paklitakseli baadaye. (Sirolimasi hutokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, na nilipoambiwa hivyo chuoni nilidhani mwalimu anatutania.) Dawa hizo huzuia seli kuzaliana, na kovu lilipungua sana. Ila hazichagui. Zinazuia misuli isijae ndani ya stenti, na papo hapo zinachelewesha utando kuota upya. Tena damu huibeba dawa kwenda mbele, kwa hiyo kipande cha mshipa kilicho baada ya stenti mara nyingi ndicho kinachoumia zaidi. Palipo na stenti penyewe hapabani, chuma kimepashikilia.

Ili kuuona mbano huo inabidi tuuchokoze. Tunaingiza asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kupeleka ujumbe, polepole kwenye mshipa wa moyo wa kushoto, mikrogramu 20, kisha 50, kisha 100, waya wa kusukuma mapigo ukiwa tayari endapo moyo utapunguza kasi. Utando mzima ukiipata hutoa oksidi ya nitriki na mshipa hautikisiki, au hupanuka kidogo. Utando ulioharibika hauna cha kutoa, hivyo asetilikolini huifikia misuli moja kwa moja na kuikaza. Kwenye skrini unaiona stenti imenyooka vilevile, na mbele ya ukingo wake mshipa unasinyaa hadi kuwa kama uzi. Mistari ya umeme wa moyo inabadilika. Mgonjwa anasema, "Ndiyo haya haya!" Tunampa nitrogliserini, dawa ya kulegeza mishipa, na muda si mrefu mshipa unafunguka.

Lawama si za utando peke yake. Watafiti wa Japani wameonyesha kwamba stenti hizi huweza kuchochea uvimbe kwenye tabaka la nje la mshipa, na kimeng'enya kiitwacho Rho-kinesi huifanya misuli ikaze kupita kiasi. Stenti za vizazi vya karibuni, zenye nyuzi nyembamba na everolimasi (dawa ya jamii ya sirolimasi), zina tatizo hili kwa kiasi kidogo kuliko zile za mwanzo.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni kuongeza stenti nyingine pale panapobana. Hapo unatengeneza ukingo mpya, na mbano unaweza kuhamia mbele zaidi. Tiba ni dawa za kuzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli, kama nifedipini ya kutoka polepole au diltiazemu, pamoja na naitreti, yaani dawa za jamii ya nitrogliserini. Sigara iachwe, hilo sina mjadala nalo. Vizuia-beta, dawa za kupunguza kasi ya moyo, navyo naviangalia upya, kwa sababu kwa baadhi ya wagonjwa huzidisha mbano. Lakini aspirini na mwenzake wa kuzuia damu kuganda visiachwe bila ruhusa ya daktari. Stenti ikiganda ghafla, hiyo ni hatari kubwa kuliko mbano.

Yule wa alfajiri nilimhamishia dozi ya kidonge cha kuzuia kalsiamu usiku, anapokwenda kulala.