Boksi la Bahati Halikumbuki Umekosa Mara Ngapi

"Nimeshafungua themanini, sijapata. Nikiacha sasa nimezipoteza zote, na lazima iwe imekaribia kutoka."

Haya ni maneno ya watu wanaofungua maboksi ya bahati, yaani zawadi za ndani ya michezo ya simu na kompyuta ambazo unalipia bila kujua utapata nini. Nayasikia kwa wachezaji wa kila aina: anayesaka kisu adimu cha Counter-Strike, anayemvizia mhusika mpya wa Genshin Impact, kijana anayenunua daimondi, sarafu ya ndani ya Free Fire, kwa chenji ya nauli. Kazi yangu ni kuandika programu za michezo ya simu, na majedwali ya zawadi ni sehemu ya kazi hiyo, basi watu huja kwangu wakidhani nina siri. Siri hakuna. Kuna hesabu, tena ya sekondari. Kinachonichosha ni kwamba mtu nikimweleza anaelewa, anashukuru, halafu usiku huohuo ananunua funguo nyingine kumi za kufungulia maboksi. Kwa hiyo leo nimeiandika.

"Nimekosa sana, sasa zamu yangu imekaribia"

Ukibonyeza kufungua boksi, seva ya kampuni inachagua namba bila mpangilio, inaitafuta kwenye jedwali, inakupa kilichoandikwa mbele yake. Basi. Hakuna mstari wa programu unaouliza umeshakosa mara ngapi, isipokuwa mtengenezaji awe ameamua kuuweka. Ni kama kuchomoa gololi moja kwenye mfuko wenye gololi elfu, kuitazama, kuirudisha, kutikisa mfuko na kuchomoa tena. Mfuko haujui ulichochomoa mara iliyopita.

Hapo ndipo "asilimia 1" inapowaponza watu. Wanaisoma kama ahadi: nikifungua mia, moja ni yangu. Siyo. Uwezekano wa kukosa mara moja ni 0.99. Uzidishe wenyewe kwa wenyewe mara mia, utabaki na takriban 0.37. Maana yake, wachezaji mia wakifungua maboksi mia kila mmoja, karibu 37 wataondoka mikono mitupu. Wakifikisha mia mbili kila mmoja, bado 13 hivi hawajapata. Mia tatu, watano. Hao watano hawajaonewa na mtu. Ndivyo asilimia moja inavyofanya kazi, na kila mmoja wao anaamini kwamba boksi lijalo ndilo.

Tuchukue Counter-Strike, kwa sababu namba zake zinajulikana. China iliweka kanuni iliyoanza tarehe 1 Mei 2017, ikiwataka wenye michezo watangaze uwezekano wa kila zawadi. Kwa njia hiyo dunia ikajua kwamba kisu au zawadi nyingine adimu ya daraja hilo hutoka kwa takriban asilimia 0.26 ya maboksi. Ufunguo mmoja ni dola 2.49. Funguo mia ni dola 249, na katika wachezaji mia walionunua funguo mia kila mmoja, 77 hawatakiona kisu. Ili mtu afike mahali ambapo kupata na kukosa ni nusu kwa nusu, inabidi afungue maboksi 267, yaani karibu dola 665. Akikosa yote hayo, uwezekano wa boksi la 268 ni asilimia 0.26. Uleule wa boksi la kwanza. Hajasogea hata hatua moja.

Sasa mwenye ujuzi wake hunikatiza: "Lakini Genshin inakumbuka, kuna kikomo!" Kweli kipo, na nafurahi anapokitaja, kwa sababu kikomo ndicho kinachoonyesha biashara yenyewe ilivyo. Uwezekano uliotangazwa wa kupata mhusika wa nyota tano, daraja la juu kabisa, kwa mvuto mmoja, yaani kwa kubahatisha mara moja, ni asilimia 0.6. Ukikosa mfululizo, mvuto wa 90 lazima ulete nyota tano. Kampuni hiyohiyo inatangaza kwamba ukijumlisha na dhamana hiyo, wastani wake ni asilimia 1.6. Pengo kati ya 0.6 na 1.6 ndilo la kutazama. Kusingekuwa na dhamana, wachezaji 58 kati ya 100 wangemaliza mivuto 90 bila nyota tano hata mmoja. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya nyota tano zinazotoka hazitokani na ile bahati ya asilimia 0.6. Zimetoka kwa sababu mtu ameendelea kuvuta mpaka mfumo wa dhamana ukamfikia.

Na nyota tano wa kwanza si lazima awe yule unayemtaka. Akitoka mwingine unaanza kuhesabu upya, na safari hiyo ya pili ndiyo yenye uhakika. Kwa mwenye bahati mbaya kabisa, mhusika mmoja ni mivuto 180. Kila mvuto ni primogem 160, sarafu ya ndani ya mchezo huo, jumla 28,800. Furushi la dola 99.99, ukiacha bonasi ya ununuzi wa kwanza, linakupa 8,080. Asiye na akiba aliyoikusanya kwa kucheza atahitaji mafurushi manne. Hiyo ndiyo bei: karibu dola 400 kwa picha inayotembea kwenye simu. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na kampuni inayouza mchezo huu: ilipe dola milioni 20, na isiwauzie maboksi ya bahati walio chini ya miaka 16 bila idhini ya mzazi. Moja ya malalamiko ya tume ilikuwa kwamba mpangilio wa sarafu za ndani ya mchezo unamficha mtu asijue anatumia kiasi gani.

Free Fire ina njia ya tatu. Kwenye gurudumu la Faded Wheel unaondoa zawadi mbili usizozitaka, kisha unaspini, na zawadi ikishatoka hairudi. Hapa zamu inakaribia kweli, kwa kuwa zinazobaki zinapungua. Ila bei ya kila mzunguko inapanda, na ule wa mwisho ni ghali kuliko ile kadhaa ya mwanzo ikijumlishwa. Kijana anavutwa na bei ya mzunguko wa kwanza, ambayo kwa kawaida humletea kitu asichokihitaji. Akishalipa mitano au sita anajiambia haiwezekani aache sasa.

Hili la "haiwezekani niache sasa" ndilo ningeling'oa kwenye vichwa vya watu kama ningeweza. Pesa uliyotumia jana imekwenda, uendelee au uache. Swali lililobaki ni la shilingi inayofuata tu: je, inanunua nini? Kwenye Counter-Strike inanunua asilimia 0.26, leo na kesho. Kwenye michezo yenye kikomo, hesabu mivuto iliyobaki na uizidishe kwa bei.

Japani walijifunza hili kwa gharama. Mapema mwaka 2016 mchezaji mmoja wa Granblue Fantasy alitumia zaidi ya dola 6,000 huku watu wakimtazama mubashara, akimtafuta mhusika mmoja, Anchira. Kelele zilizofuata zikawafanya wenye mchezo waweke kikomo: ukifikisha mivuto 300 unamchagua unayemtaka. Kabla ya hapo, mwaka 2012, mamlaka ya kulinda watumiaji ya nchi hiyo ilikuwa imeshatangaza kwamba gacha ya kukamilisha seti, yaani kuvuta kwa bahati mpaka upate vitu vyote ndipo upewe zawadi kuu, ni kinyume cha sheria. Hesabu ya seti ni kali kuliko watu wanavyodhani. Seti ya vitu kumi vyenye uwezekano sawa inahitaji kwa wastani mivuto 29, na kumi kati ya hiyo ni ya kutafuta kitu kimoja tu cha mwisho. Mtu mwenye tisa anaamini amebakiza kidogo, kumbe kwa wastani amebakiza theluthi nzima ya gharama.

Ushauri wangu, na nitaurudia mpaka nizeeke: kabla ya kuspini mara ya kwanza, tafuta bei ya mara ya mwisho. Iandike kwa shilingi, siyo kwa daimondi wala koini. Kisha jiulize kama skini hiyo, yaani pambo la mhusika au silaha, ingekuwa imetundikwa dukani na bei hiyo ungeinunua. Kama ndiyo, nunua kwa amani, pesa ni yako. Kama mchezo hauna kikomo kilichoandikwa, usiweke hata senti.

"Uwezekano umeandikwa, kwa hiyo hawadanganyi"

Kuandikwa ni hatua nzuri. Kusema kweli ni jambo jingine. Januari 2024 tume ya ushindani wa haki ya Korea Kusini iliitoza kampuni ya michezo ya Nexon faini ya takriban won bilioni 11.6 kwa sababu ya mchemraba, kitu cha kubadilisha sifa za vifaa kwa bahati, uliokuwa ukiuzwa ndani ya mchezo wake wa MapleStory. Tume iligundua kwamba tangu mwaka 2010 kampuni ilikuwa imepunguza uwezekano wa zawadi zinazopendwa bila kuwaambia wachezaji, na kuanzia 2011 baadhi ya michanganyiko inayotafutwa sana ilikuwa imewekwa isitoke kabisa. Sifuri. Kwa miaka watu walinunua mchemraba baada ya mchemraba wakisubiri kitu ambacho hakikuwemo, na bila shaka wengi wao walijiambia kwamba zamu yao imekaribia. Kuanzia Machi 2024 sheria ya Korea inalazimisha uwezekano utangazwe.

Kwetu Afrika Mashariki tunasoma kile ambacho wengine wamewalazimisha wenye michezo wakiandike. Kitafuteni, kwa kawaida kiko nyuma ya kitufe kidogo pembeni ya ukurasa wa kuspini. Wazazi wengi niliowaonyesha kitufe hicho hawakuwahi kukigusa.

"Hii siyo kamari, maana huwezi kutoa pesa"

Kisheria inategemea uko wapi. Aprili 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema maboksi ya michezo ya FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike yanavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 EA, kampuni iliyotengeneza FIFA 18, ikaacha kuuza FIFA Points, sarafu ya kununulia maboksi hayo, nchini humo. Uholanzi iliitoza EA faini ya euro milioni 10, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaifuta. Uingereza, Julai mwaka huohuo, ilikataa kuyaingiza maboksi haya katika sheria yake ya kamari. Mwenye kutaka kubishana kuhusu jina abishane na hao.

Mimi namtazama anayespini. Mwaka 2018 watafiti David Zendle na Paul Cairns waliwahoji wachezaji zaidi ya 7,000, wakakuta kwamba waliotumia pesa nyingi kwenye maboksi ya bahati ndio pia waliokuwa na dalili kali zaidi za tatizo la kamari. Utafiti huo hausemi kipi kimezaa kipi. Inawezekana boksi linamfundisha mtu kamari, inawezekana mwenye tatizo tayari ndiye anayelifuata boksi. Vyovyote iwavyo, pesa nyingi zinatoka kwa watu walio hatarini, na hilo halibadiliki kwa kusema kwamba hutolewi noti. Isitoshe, visu vya Counter-Strike vinauzwa na kununuliwa kwa pesa halisi kila siku.

Kenya na Tanzania hairuhusiwi kubeti kabla ya miaka 18, na Uganda ni 25. Mtoto wa miaka kumi na mbili atafukuzwa kwenye duka la mikeka, arudi nyumbani aspini kitandani kwa simu ya mama yake.

"Mbona yule wa YouTube anapata kila siku?"

Kwa sababu unaonyeshwa siku aliyopata. Wengine hata mchezo wenyewe ni wao: mwaka 2017 FTC ya Marekani ilifikia makubaliano na watengeneza video wawili waliokuwa wakitangaza tovuti ya kuchezea kamari skini za Counter-Strike bila kuwaambia watazamaji kwamba tovuti hiyo ni mali yao.

"Fungua saa sita usiku, tena kwa akaunti mpya"

Hapana. Anayekuambia hivyo alifungua usiku mara moja akapata, na zile mara nyingine alizokosa hakuzisimulia.

"Ni hela ya vocha tu"

Hela ya vocha ndiyo inayotegemewa. Ndiyo maana kwanza unanunua daimondi, kisha daimondi inakuwa tiketi, na furushi mara nyingi halilingani na bei ya kitu unachokitaka, ili salio dogo libaki likikuita. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kurudishia wateja, baada ya FTC kulalamika kuhusu vitufe vilivyopangwa hivi kwamba mguso mmoja wa bahati mbaya ulikuwa ununuzi, na kuhusu watoto kununua bila wazazi kuidhinisha. Hapo hatuzungumzii boksi la bahati hata kidogo, ni kitufe tu.

Kwa hiyo mzazi, usianze na hotuba. Ingia kwenye mipangilio ya Google Play, washa uthibitisho kwa kila ununuzi, nywila asiijue mtoto. Kadi au namba yako ya pesa ya simu isibaki imehifadhiwa humo. Halafu fungueni historia ya ununuzi mkiwa wawili, kalamu mkononi, na mtoto ndiye ajumlishe. Orodha hiyo inarudi nyuma mpaka malipo ya miaka iliyopita, kila moja na tarehe yake na kiasi chake kwa shilingi.