Kituo wakilishi cha hali ya hewa kinawakilisha nini?

Neno hilo, kituo wakilishi, nimelisikia tena juzi, kwenye kikao cha wakulima wa mpunga na mtaalamu aliyekuja kueleza zamu mpya za maji. Mzee mmoja akauliza vipimo vya joto na upepo vilivyotumika vimetoka wapi. Akajibiwa: "Tumetumia kituo wakilishi, mzee wangu, ndicho kilicho karibu zaidi." Mzee akashukuru, akaketi. Mimi nikabaki na sentensi ile kooni, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili yaliyofungwa kamba moja kana kwamba ni jambo lile lile.

Maana yenyewe ni fupi. Maji yanayotumiwa na zao ni yale yanayovukizwa na udongo pamoja na yale ambayo mmea unayatoa kama mvuke kupitia majani. Ni nadra kuyapima moja kwa moja shambani, kwa hiyo hukadiriwa kutokana na jua, joto, unyevu wa hewa na upepo. Kituo wakilishi ni kile ambacho hewa yake, katika mambo hayo manne, inafanana vya kutosha na hewa iliyo juu ya shamba, hata vipimo vyake vikaweza kusimama mahali pa vipimo vya shambani.

Neno lenyewe lingetosha kutuongoza kama tungelisikiliza. Wakilisha linatokana na wakili, na wakili tumelipata kwa Waarabu, katika mzizi wenye maana ya kumkabidhi mtu jambo lako. Humo humo wametoka wakala na tawakali: anayetawakali amemkabidhi Mungu mambo yake. Umbali haumo katika mzizi huo. Mtu wa Tanga huweza kumfuata wakili Dar es Salaam kwa kuwa anaijua kesi yake, wakati jirani wa ukuta kwa ukuta, akisimama mahakamani bila kukabidhiwa kitu, anajisemea mwenyewe tu. Ukaribu unaupata kwa kuweka rula kwenye ramani. Uwakilishi hauna rula, lazima uthibitishwe.

Chukua Kilimanjaro. Lyamungu, palipo na utafiti wa kahawa, ni zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Chekereni, kwenye majaruba (vitalu vya mpunga) ya skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ni chini ya mita 800. Kwenye ramani ya nchi nukta hizo mbili karibu zinagusana. Lakini kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu hivi, kwa hiyo kimo peke yake kinaleta tofauti ya karibu nyuzi 3. Ongeza mawingu yanayoukalia mteremko wa kusini kati ya Juni na Agosti, ongeza migomba na miti ya kivuli inayokata upepo. Kituo cha juu kikitumika kupangia mpunga wa chini, mahitaji ya maji yatatoka madogo kuliko yalivyo. Na si kosa la karatasini tu. Milimita 1 ya maji kwenye hekta 1 ni mita za ujazo 10, yaani lita 10,000. Ukikosea milimita 1 kila siku kwa siku 100, umekosea mita za ujazo 1,000 kwa kila hekta, na anayezikosa ni mwenye jaruba la mwisho wa mfereji.

Wengine huchukua wastani wa kituo cha juu na cha chini. Wastani huo ni hewa ya katikati ya mteremko, ambako hakuna jaruba hata moja.

Kinachosahaulika zaidi ni ardhi iliyo chini ya kituo. Mwongozo wa kukadiria maji ya mazao wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1998, ambao ndio unaotumika sana duniani, unachukulia kwamba vipimo vimechukuliwa juu ya nyasi fupi za kijani, za sentimita 12, zilizofunika ardhi yote na zisizo na kiu. Vituo vingi tunavyovitegemea viko kwenye viwanja vya ndege, kwa ajili ya usalama wa ndege. Kiangazi nyasi za hapo zimekauka, lami iko jirani, na hewa ni ya moto na kavu kuliko ile iliyopita juu ya maji ya majaruba. Upepo nao hupimwa kwenye mlingoti wa mita 10, ilhali hesabu inataka upepo wa mita 2; asiyezidisha kwa 0.75 hivi amekwishakosea kabla hajaanza. Kwa hiyo kiwanja cha ndege kilicho kilomita 8 kutoka shambani kinaweza kuyatia chumvi mahitaji ya maji, na kituo cha kilomita 40, kilicho ndani ya skimu nyingine ya umwagiliaji, kwenye kimo kile kile na upande ule ule wa mlima, kikasema kweli zaidi.

Kukipima kituo hakuhitaji mtambo mpya. Pita kwenye matuta ya majaruba alfajiri, usiku ukiwa ulikuwa shwari: suruali inalowa umande hadi magotini. Maana yake hewa imepoa mpaka ikafika kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka matone. Sasa fungua kumbukumbu za kituo, ulinganishe joto la chini kabisa la siku na kiwango hicho cha umande. Kwenye ardhi yenye maji namba hizo mbili hukaribiana. Zikiachana nyuzi 5 au 6 asubuhi baada ya asubuhi, kituo hicho kinasimulia habari za ardhi kavu.

Tena uwakilishi una mipaka yake. Wakili wa kesi ya shamba si lazima awe wakili wa mirathi. Kituo kinaweza kuliwakilisha shamba lako kwa jua na joto, kisiliwakilishe kabisa kwa mvua, maana mvua hunyesha upande huu wa barabara ikauacha ule. Mvua ipimwe palepale shambani.

Ombi langu kwa ndugu zangu wataalamu ni dogo. Kituo kikiwa kimechaguliwa kwa sababu kiko karibu, kiandikwe "kituo cha karibu". Hakuna aibu, mara nyingi ndicho pekee kilichopo. Neno wakilishi lingoje mpaka kimo, upande wa mlima na ardhi iliyo chini ya kituo viwe vimeangaliwa. Na yule mzee akiuliza tena, aonyeshwe zile namba mbili za alfajiri.