"Fundi, toboa upepo utoke"

Juzi alikuja kijana kwenye meza yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na PSP-3000, ile mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ambayo mfuniko wa nyuma umetuna hadi haufungi. Kabla sijaishika vizuri akaniambia, "Fundi, toboa tu upepo utoke, halafu ukipata betri orijino mpya utanibadilishia." Makosa mawili kwa pumzi moja, na yote nimeyasikia hadi masikio yamechoka.

Kwanza hilo la kutoboa. Betri iliyovimba haikuingiwa na upepo kama tairi. Ni dawa ya ndani, ile elektroliti, imechakaa na kuvunjika ikawa gesi. Ukichoma sindano unaweza kugusanisha chanya na hasi humo ndani, ipige shoti na kukuwakia mkononi. Hata isipowaka, hewa na unyevu vimeshaingia, na hakuna chaji itakayokaa tena. Wengine wanasingizia baridi ya Mbeya, eti ndiyo imeivimbisha, kwa hiyo mwezi wa saba wanaiweka kando ya jiko la mkaa ipate joto. Jamani! Baridi inaifanya betri iishiwe mapema kwa muda tu, ikipata joto la kawaida inarudi. Kinachoizeesha ni joto, na kukaa kabatini miaka bila kuguswa. Iliyovimba usiichaji. Itoe taratibu, ikikwama usiichokonoe na bisibisi. Mimi naziweka kwenye kopo la mchanga mkavu, nje ya kibanda.

Sasa hiyo "orijino mpya". PSP ilitoka Japani Desemba 2004, Marekani na Ulaya zikaipata 2005, na utengenezaji wake ukasimama 2014. Piga hesabu mwenyewe. Betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa kwenye boksi lake halijafunguliwa, kwa hiyo ukikutana na ya Sony ya kweli ya enzi hizo, unanunua mzee aliyevaa nguo mpya. Zinazouzwa leo kama mpya ni za viwanda vingine, na zipo zinazofanya kazi vizuri kabisa. Ya kukimbia ni ile iliyoandikwa 3600 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobeba. Betri nene ya PSP-1000 ilikuwa 1800, nyembamba ya PSP-2000 na PSP-3000 ilikuwa 1200. Hizo 3600 zimeingia wapi kwenye umbo lilelile? Ni stika tu. Na usiniletee ile nene kwa ajili ya PSP-3000, mfuniko wake hautafunga.

Ushauri wangu, ambao wateja hawaupendi: toa betri kabisa, chezea kwenye chaja ya volti 5. PSP inawaka bila betri. Ila hifadhi gemu yako kila mara, maana umeme ukikatika na yenyewe inazima papo hapo.

Wapo wanaosema ilikufa kwa sababu haikuuza. Iliuza karibu milioni 80! Tatizo lake ni kwamba iliwekwa mizani moja na mpinzani wake Nintendo DS, iliyopita milioni 150. Kilichoimaliza ni mchanganyiko: gemu za wizi zilizojaa kwenye kadi (tusijifanye watakatifu, hapa kwetu nani alikuwa na UMD, zile diski ndogo za PSP, za dukani?), simu zilizoanza kubeba gemu zake zenyewe kuanzia 2008, na Sony wenyewe kuhamia PS Vita, mrithi wake, mwishoni mwa 2011. Hiyo Vita nayo ikaacha kutengenezwa 2019.

Na haya mengine wateja huniambia: "Kadi ya simu inaua mashine." Hapana. Adapta ya kuingiza microSD kwenye nafasi ya Memory Stick Pro Duo, kadi ya Sony yenyewe, ni ya bei ndogo. Fomati kadi ndani ya PSP yenyewe, basi.

"Haisomi diski, lenzi imekufa." Mara nyingi ni vumbi. Tuisafishe kwanza ndipo tuongee habari za lenzi.

"Waifai imeungua, haishiki hotspoti ya simu yangu." Haijaungua. Waifai yake ni ya kizamani, inaishia kwenye ulinzi wa WPA, na simu yako inatumia WPA2 au zaidi. Na kama PSP yako ni aina ya E1000, usihangaike kutafuta hiyo menyu: ilitoka kiwandani bila waifai.