Si jiwe la Haneti, wala si taka za chuma

"Hili ni jiwe la Haneti," muuzaji wa mitumba pale Sabasaba aliniambia, akinipa chungu kidogo cha maua chenye mawimbi ya kijani na meupe. Kosa lake nalielewa. Sisi wa Dodoma tumezoea yale mawe ya kijani yanayochimbwa Haneti, na kioo hiki kizito huwezi kuona ng'ambo yake. Ila pitisha ukucha ubavuni: utagusa mstari mwembamba ulionyooka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Hapo ndipo vipande vya kalibu vilipokutana. Jiwe halina mshono.

Wengine wanajua ni kioo, lakini wanashikilia kwamba kimetokana na taka za chuma. Wakusanyaji hukiita kioo cha slagi, na slagi ni uchafu unaoelea juu ya chuma kinapoyeyushwa. Jina hilo limepotosha wengi. Mawimbi yanakuja pale kioo cheupe na kioo cha rangi vinapokutanishwa vikiwa bado uji wa moto, kisha vikashindiliwa kwenye kalibu kabla havijakolea pamoja. Ni kama maziwa yaliyotoka tu kumiminwa kwenye chai. Ndiyo maana hutapata vyungu viwili vyenye michirizi sawasawa, na kwangu huo ndio utamu wote wa kuvikusanya.

Kuhusu umri, si vyote ni vya karne ya 19. Kiwanda cha vioo cha Sowerby wa Gateshead, Uingereza, walivitengeneza zama hizo na kuviwekea alama ya kichwa cha tausi. Lakini kiwanda cha Imperial wa Ohio, Marekani, walivitoa katikati ya karne ya 20, vikiwa na herufi IG. Na kukosa alama si ushahidi wa ughushi. Vingi halali havina kitu kitakoni.

Changu kina kunguru anayepita ndani ya herufi A, gololi mdomoni. Ni cha Akro Agate wa Clarksburg, West Virginia, kiwanda kilichoanza na gololi kabla ya vyungu, kikafungwa 1951. Nilipoiona alama ile nilikaa chini palepale sokoni.

Bei ilishushwa kwa sababu ya utando mweupe ndani. "Kimechakaa," alisema. Hapana, ilikuwa chokaa ya maji, ileile inayoganda kwenye birika zetu. Nilikiloweka kwa siki usiku mmoja, nikasugua kwa kitambaa laini. Steelwaya usiisogeze karibu.