Seli shina za mgonjwa wa limfoma huanza kuvunwa lini?

Si muda mrefu uliopita nilikaa na familia moja katika chumba cha ushauri hapa Moshi. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo ambaye limfoma yake, yaani saratani ya matezi, ilikuwa imerudi baada ya kutulia kwa zaidi ya mwaka, na kaka zake watatu walikuwa wameshuka kutoka migombani alfajiri, kila mmoja akiwa tayari kutolewa uboho kwa ajili ya dada yao. Niliposema kwamba hatutahitaji kitu kutoka kwa yeyote kati yao, kwa kuwa seli tutakazozitegemea zitatoka mwilini mwake mwenyewe, yule mkubwa aliuliza: "Sasa daktari, kama ugonjwa umo kwenye damu yake, mtamrudishiaje hiyo hiyo?"

Nilimjibu kwa urefu, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kazi yote. Limfoma huanzia kwenye limfositi, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Seli shina ni kitu kingine: ndizo mama wa chembe zote za damu, nyekundu, nyeupe na chembe sahani, na makao yao ni uboho ulio ndani ya mifupa, hasa ya nyonga, mgongo na kidari. Mgonjwa huvuniwa seli hizo baada ya dawa kuupunguza ugonjwa wake na baada ya uboho kukaguliwa kama una seli za saratani. Wala si seli shina zinazopigana na saratani. Kinachoishambulia ni dozi kubwa mno ya dawa, mara nyingi mchanganyiko wa karmustini, etoposidi, sitarabini na melfalani, ambayo huua seli za saratani zilizonusurika katika matibabu ya awali lakini huuangamiza uboho pia. Seli shina zilizowekwa akiba hurudishwa baada ya dozi hiyo ili uboho uote upya, na huko kurudisha ndiko tunakoita upandikizaji. Ni mbegu iliyotunzwa darini kabla shamba halijachomwa.

Kwamba jambo hili lina faida kulithibitishwa na utafiti unaojulikana kwa jina la PARMA, uliochapishwa mwaka 1995. Wagonjwa wa limfoma isiyo ya Hodgkin iliyorudi, ambao ugonjwa wao ulikuwa bado unaitikia dawa, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Miaka 5 baadaye, asilimia 46 ya waliopandikizwa walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na katika kundi la dawa za kawaida walikuwa asilimia 12. Tangu hapo dawa mpya zimeingia na hesabu zimebadilika, lakini sharti lile la ugonjwa kuitikia dawa bado linasimama: limfoma isiyotetereka kwa dawa za kawaida mara chache hushindwa na dozi kubwa.

Seli zinazohitajika huhesabiwa kwa uzito wa mgonjwa. Kiwango cha chini kinachokubalika ni milioni 2 kwa kila kilo, na tunafurahi zaidi zinapofika milioni 4 au 5. Mtu wa kilo 60, basi, anahitaji angalau seli milioni 120. Tatizo ni kwamba katika damu inayozunguka mwilini seli hizi ni haba mno, chini ya moja katika kila chembe nyeupe elfu moja, kwa kuwa zimeshikwa ndani ya uboho na nyuzi za kikemikali. Kwa hiyo ni lazima kwanza zishawishike kutoka. Mgonjwa huchomwa sindano za filgrastimu chini ya ngozi kila siku, kwa kawaida mikrogramu 10 kwa kila kilo, na kufikia siku ya 5 seli shina huwa zimemwagika kwenye damu kwa wingi. Mifupa ya kiuno na kidari huuma siku hizo, wakati mwingine sana. Paracetamol husaidia, na ninamweleza mgonjwa kabla ili asije akadhani saratani imeingia mifupani. Maumivu ya ghafla upande wa kushoto juu ya tumbo ni jambo jingine, kwa sababu bandama hutanuka na, kwa nadra, huweza kupasuka. Hayo hayasubiri asubuhi. Na dawa yenyewe inataka kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo anayepewa sindano za kwenda nazo nyumbani hubeba aisboksi, wala haiachi dirishani mwa basi.

Kuvuna kwenyewe hakuna kisu. Damu hutoka kwa mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa, huingia kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi, tabaka lenye seli shina hukusanywa kwenye mfuko, na sehemu nyingine yote humrudia mgonjwa. Wazee wa huku huelewa mara moja ninapoufananisha na mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba: maji hayaibiwi mtoni, yanapitishwa shambani na ziada inarudi. Kwa saa 4 hadi 6 mashine huipitisha damu yote ya mwili mara mbili au tatu, jumla yake ikiwa kama lita 10 kwa mtu wa kilo 60. Sitrati inayozuia damu isigande ndani ya mipira hushika kalsiamu, hivyo mgonjwa huhisi ganzi midomoni na kwenye ncha za vidole. Naomba wagonjwa waseme mapema bila kuona haya, kwa sababu dawa yake ni kupunguza mwendo wa mashine na kumpa kalsiamu. Akinyamaza kwa ustahimilivu, misuli huanza kukaza.

Kabla ya kumwunganisha na mashine tunapima idadi ya seli shina katika damu. Zikiwa 20 au zaidi katika kila mikrolita, siku huwa njema. Zikipungua chini ya 10, kuwasha mashine ni kumchosha mtu bure. Hapo huongezwa pleriksafori, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008, ambayo hukata moja kwa moja kile kishikizo kinachozifunga seli shina kwenye uboho. Huchomwa usiku, ili upite muda wa saa kumi na moja hivi kabla ya kuvuna. Imewaokoa wengi, lakini bei yake ni mzigo mkubwa kwa familia ya kawaida, na kuna uboho ambao hata nayo hautoi kitu.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu wanisikilize. Niliwahi kupokea mgonjwa aliyepitia mizunguko mingi ya dawa za aina tatu tofauti, na mionzi ya nyonga juu yake, kabla ya yeyote kutaja neno upandikizaji. Limfoma yake ilikuwa imetulia vizuri. Tulijaribu kuvuna mara mbili, na mara zote mbili seli hazikufika hata nusu ya kiwango cha chini. Sikuwa na la kumpa zaidi ya maelezo, na yale maelezo bado yananiuma. Fludarabini, lenalidomidi, melfalani, na kwa kiasi fulani bendamustini, huichosha akiba ya seli shina. Mionzi kwenye nyonga na mgongo huunguza mahali penyewe zinapokaa. Kila mzunguko unaoongezwa hupunguza mavuno. Dawa hizi zina nafasi yake, na wapo ambao lazima wazipate. Lakini kwa mgonjwa ambaye umri na afya yake vinaruhusu kupandikizwa, kuvuna kunaanza siku tunapochagua dawa ya kuutuliza ugonjwa uliorudi, na wakati mzuri wa kuvuna ni baada ya mizunguko miwili au mitatu ya dawa hiyo.

Vivyo hivyo kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI. Limfoma huwapata zaidi, na bado nasikia wakiambiwa kwamba upandikizaji si wao. Si kweli: virusi vikiwa vimedhibitiwa kwa dawa, seli zao huvunwa na kupandikizwa. Anayetumia zidovudini abadilishiwe mapema, kwa kuwa dawa hiyo hudidimiza uboho.

Nchini mwetu njia imeanza kufunguka. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza upandikizaji wa uboho mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya mayeloma, wanaovuniwa seli zao wenyewe kama hawa wa limfoma, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa watoto wenye selimundu. Kwa mgonjwa wa Kilimanjaro au Arusha bado ni safari, na barua ya rufaa ndiyo inayomtangulia. Basi daktari mwenzangu wa wilayani, unapoiandika, taja kila dawa aliyopewa na idadi ya mizunguko, mahali palipopigwa mionzi, majibu ya uboho kama ulichukuliwa, hali ya VVU na dawa anazotumia, na uzito wake wa wiki hii. Na uiandike siku ile ile unapogundua kwamba ugonjwa umerudi, kabla hujamwandikia dawa inayofuata.