Kumuuliza kijana kuhusu kujiua hakumpi wazo hilo

Mwaka 2000, huko Australia, muuguzi Betty Kitchener na mumewe, Profesa Anthony Jorm, walianzisha mafunzo ya huduma ya kwanza ya afya ya akili. Hoja ya mafunzo hayo ni rahisi: kama raia wa kawaida anaweza kufundishwa kumhudumia majeruhi kabla hajafika hospitali, anaweza pia kufundishwa kumpokea mtu aliyeelemewa moyoni. Ipo sasa kozi mahususi kwa wazazi, walimu na makocha wanaoshinda na vijana wa rika la balehe, lakini wengi huikwepa kwa sababu ya dhana zisizo na msingi.

Dhana inayodhuru kuliko zote ni kwamba ukimuuliza kijana kama anafikiria kujiua, utakuwa umempa wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti hazikuthibitisha hofu hiyo. Vijana wengi wenye mawazo hayo hupata nafuu wanapoona kuna mtu aliyethubutu kulitamka neno lenyewe. Ndiyo maana washiriki hufanyishwa zoezi la kuuliza kwa sauti, wawili wawili: “Je, unafikiria kujiua?” Ukiliuliza swali hilo kwa mara ya kwanza linakwama kooni, na wengi hukimbilia kusema, “Lakini wewe huwezi kufikiria mambo ya ajabu, au siyo?” Anayeulizwa hivyo ameshaambiwa jibu linalotakiwa, naye atalitoa. Kijana akiulizwa waziwazi na kujibu ndiyo, mtu mzima hamwachi peke yake, anauliza kama ana mpango na njia ya kuutekeleza, anaondoa dawa na sumu zilizo karibu, na anatafuta msaada wa dharura saa hiyo hiyo.

Wengine hudhani kwamba anayehitimu hugeuka mtabibu. Kozi yenyewe haizidi siku mbili. Haimfundishi mtu kutambua ugonjwa wala kutibu, bali kuona dalili, kusikiliza bila kuhukumu na kumfikisha kijana kwa mtaalamu.

Kuna pia kauli ya “ni ujana tu, utapita.” Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, takribani kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kununa siku mbili si dalili ya ugonjwa. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kufika uwanjani, ambaye kwa wiki kadhaa hachezi, halali vizuri na hataki kula na wenzake, huyo anahitaji kuulizwa. Kumwambia ajikaze (nasi tunalipenda mno neno hili) humfundisha kuficha tu.

Mwisho ni suala la siri. Wengi huamini kwamba kijana hatafunguka mpaka aahidiwe kwamba hakuna atakayejua, ilhali mafunzo yanakataza ahadi hiyo pale uhai unapokuwa hatarini. Aambiwe mapema, kwa upole, nani atahusishwa na kwa sababu gani.