Kura Moja ya Lamu: Namna ya Kufuatilia Michango ya Seneta Bungeni

Katika mikutano ya elimu ya uraia tunayofanya Lamu, iwe Mkunguni, Faza au Mpeketoni, swali la kwanza huwa lile lile: seneta wetu amesema nini huko Nairobi? Swali ni jema. Majibu yake ndiyo yanayonitia wasiwasi, kwa kuwa mara nyingi huwa ni hesabu tupu: huyu kazungumza mara nyingi, yule hajafungua kinywa. Kaunti ndogo kama yetu ikimpima mwakilishi wake kwa hesabu hiyo itapotea njia. La kutazamwa ni alisimama wakati gani, alizungumzia jambo gani, na wakati wa kura alikuwa wapi.

Nianze na kura yenyewe, maana hapo ndipo penye nguvu ya Lamu. Seneti iliyoundwa na Katiba ya 2010 ina wanachama 67, mbali na Spika. Maseneta 47 huchaguliwa na wananchi, mmoja kila kaunti. Wengine ni wa kuteuliwa: wanawake 16, wawakilishi wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Lakini linapopigiwa kura jambo linalohusu kaunti, watu 67 hawahesabiwi mmoja mmoja. Huhesabiwa ujumbe wa kaunti 47, yaani maseneta wa kila kaunti, wa kuchaguliwa na wa kuteuliwa, wakiwa kundi moja, kila ujumbe kura moja, na mpigaji ni yule seneta aliyechaguliwa, au mwenzake wa ujumbe huo aliyemwachia kazi hiyo ikiwa mwenyewe hayupo.

Sasa chukua takwimu za sensa ya 2019. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Lamu ilikuwa na watu 143,920, idadi ndogo kuliko kaunti zote za Kenya. Ndani ya Seneti, kwenye mambo ya kaunti, hao na hawa wana kura moja moja. Sijui mahali pengine katika serikali ya nchi hii ambapo mtu wa Kizingitini ana uzito kiasi hicho.

Kuna na jambo ambalo wengi hawalifahamu. Kifungu cha 123 cha Katiba kinataka jambo la kaunti lipite kwa wingi wa ujumbe wote, yaani kaunti 24. Hesabu haifanywi kwa waliohudhuria pekee. Kaunti tano zikikosa kufika, hitaji linabaki pale pale 24. Kwa hiyo kiti kitupu siku ya kura kinafanya kazi karibu sawa na kura ya kupinga. Ukitaka kujua seneta wako yuko imara, anzia hapo: siku ya kura ya kaunti, jina la Lamu liliposomwa, kuna aliyeitikia?

Kura kubwa kuliko zote kwetu ni ile ya ugavi wa fedha. Kila baada ya miaka mitano Seneti huamua vigezo vya kugawa mapato ya taifa baina ya kaunti, na tarakimu hizo ndizo zinazoamua kama dawa zitafika zahanati ya Kiunga. Hebu tupige hesabu. Wakenya wote katika sensa hiyo walikuwa 47,564,296. Fedha zikigawanywa kwa idadi ya watu peke yake, Lamu itapata takriban shilingi 3 katika kila shilingi 1,000. Zikigawanywa sawa kwa sawa kati ya kaunti 47, Lamu itapata shilingi 21 katika kila 1,000. Kati ya shilingi 3 na shilingi 21 ndipo mjadala wote ulipo.

Katika kanuni mbili za mwanzo za ugavi, idadi ya watu ilipewa uzito wa asilimia 45. Kanuni ya tatu, ya 2020, iliishusha hadi asilimia 18, lakini ikaongeza vigezo vingine kama afya, kilimo na barabara. Fungu la sawa kwa sawa, lililokuwa asilimia 26 katika kanuni ya pili, likawa asilimia 20. Mjadala wa mwaka huo ulikwama mara kadhaa, kwa kuwa pendekezo lililokuwa mezani lingezipokonya mabilioni kaunti kama Kilifi, Kwale, Mandera na Wajir. Mwafaka ulipatikana Septemba 2020, kwa masharti kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa na kwamba fungu la kaunti zote lipande kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Yaliyoleta mabadiliko hayo ni maneno na misimamo ya ukumbini, wiki baada ya wiki. Seneta wa kaunti ndogo akisimama dakika tano kutetea fungu la sawa kwa sawa katika mjadala wa namna hiyo, amefanya kazi ambayo hotuba hamsini za pongezi haziwezi kuifanya.

Pongezi nazitaja kwa sababu zimo nyingi. Fungua Hansard, ile kumbukumbu rasmi ya kila kinachosemwa bungeni, siku yoyote ya kikao. Juu kuna tarehe na saa, kisha Spika yuko kitini, kisha dua. Baadaye utaona wanafunzi wa shule fulani wamekaa roshani ya wageni, na maseneta watatu au wanne wanasimama kuwakaribisha. Kila mmoja huyo jina lake limeingia kwenye kumbukumbu. Rambirambi ni hivyo hivyo. Sina ubaya na heshima hizo, utu unazitaka, ila anayehesabu mara za kuzungumza anazitia kapu moja na hotuba ya ugavi wa mapato. Utakuta pia maandishi kwenye mabano, kama makofi au kicheko, au taarifa kwamba seneta fulani alizungumza bila kipaza sauti. Aliyosema wakati huo hayamo. Na chini ya nakala ya mtandaoni ya Seneti kuna tangazo kwamba nakala hiyo ni ya kupasha habari tu, na iliyothibitishwa huombwa kwa mkurugenzi wa Hansard. Anayetaka kutumia maneno ya seneta mahakamani au katika malalamiko rasmi alikumbuke tangazo hilo.

Mchango ambao ningependa watu wa Lamu waufuatilie kwa karibu zaidi ni ombi la kauli, yaani maelezo rasmi juu ya jambo fulani. Seneta anaweza kuomba kauli kutoka kwa kamati husika: kwa mfano juu ya usalama wa barabara ya Lamu, Witu hadi Garsen, au juu ya fidia ya wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari. Fidia hiyo si jambo dogo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76, na gati ya kwanza ya bandari ilianza kazi Mei 2021. Seneta akisoma ombi lake, hukabidhiwa kamati, na kamati inatakiwa kutafuta majibu serikalini. Hapa ndipo pa kumbana mwakilishi wetu kwa adabu: Mheshimiwa, uliomba kauli, je, jibu lilikuja? Lilipokuja bila kuridhisha, ulirudi tena? Kuomba kauli ni kazi ya dakika chache. Kuifuata mpaka ijibiwe ni kazi ya miezi, na seneta anayeifanya anastahili kujulikana. Tangu 2023 mawaziri nao hufika mbele ya Seneti kujibu maswali ana kwa ana, na swali la kaunti lina njia nyingine ya kupita.

Zipo pia kazi za kamati, ambazo mara nyingi hazionekani katika hesabu za hotuba. Magavana huitwa kujibu ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mbele ya kamati, na seneta anayesoma ripoti hizo ukurasa kwa ukurasa huenda akawa kimya kwenye ukumbi mkubwa wiki nzima. Asidhaniwe amelala.

Kuhusu lugha, Pwani tuna bahati. Katiba inaruhusu Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya bungeni, na Kanuni za Kudumu zinamtaka seneta aliyeanza kwa lugha moja amalizie kwa hiyo hiyo. Maseneta wa kwetu, kama Mohamed Faki wa Mombasa na Stewart Madzayo wa Kilifi, huchangia kwa Kiswahili mara nyingi. Ninaliona hili kuwa jambo la haki. Bibi wa Siyu asiyesoma Kiingereza akisomewa maneno ya kiongozi wake kama yalivyotamkwa, hahitaji mtu wa kumfasiria wala wa kumgeuzia maana. Ningetamani kila seneta wa Lamu, awe wa chama gani, azungumze Kiswahili hasa kwenye mambo ya ardhi na bahari.

Mipaka nayo ijulikane. Seneta hana mfuko wa kujenga madarasa. Huo ni wa mbunge wa eneo bunge. Miswada ya fedha huanzia Bunge la Taifa. Anayemlaumu seneta kwa darasa lililoanguka kule Hindi, hapa Lamu, anagonga mlango usio wake.

Mwananchi mwenyewe anaweza kuweka neno mezani. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, bungeni. Inaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa kuchapwa, bila kufutafuta. Itaje jambo lenyewe, hatua mlizokwishachukua katika ofisi husika na jibu mlilopata, na kama jambo liko mahakamani. Imalizie kwa kusema wazi mnataka Seneti ifanye nini. Kila anayeunga mkono aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho, kisha atie sahihi, na asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba. Mnaweza kuipeleka wenyewe kwa Karani wa Seneti au kumpa seneta aiwasilishe. Ikisomwa ukumbini maseneta hupewa muda mfupi wa kuichangia, kisha kamati ina siku 60 za kutoa jibu.

Kikundi cha wavuvi au cha kina mama kikikaa jioni mbili tatu kinaweza kuiandika vizuri. Hakikisheni mmebaki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa, na siku 60 zikipita bila jibu, mpelekeeni seneta nakala hiyo mumwombe aulizie ukumbini.